Oksijeni Haijazinduliwa

Nchi yenyewe haimo kwenye ramani yoyote, kwa hiyo msomaji atakayeitambua asiseme ameambiwa na mimi. Ilikuwa nchi ya amani, yenye watu wanyenyekevu na serikali iliyopenda kuzindua. Huko kitu hakihesabiwi kuwa kipo mpaka kizinduliwe na mgeni rasmi. Daraja liliweza kusimama juu ya mto mwaka mzima, zege limekauka na rangi imepakwa, na watu wakaendelea kuvuka kwa miguu chini yake, maji yakiwafika kiunoni, kwa sababu utepe haujakatwa. Choo cha stendi kuu kilizinduliwa mara mbili, kwanza upande wa wanaume. Hata masika yalikuwa na mgeni rasmi wake, na mvua iliyothubutu kunyesha kabla ya hotuba iliitwa manyunyu tu, hata kama imebomoa nyumba.

Mwalimu Shomvi Kiango alikuwa akifundisha kemia katika sekondari ya wilaya. Alikuwa mtu mpole, mashati yake yamejaa vitundu vya tindikali, na alilipenda somo lake kwa mapenzi ambayo wanafunzi waliyaonea huruma. Kasoro yake ilikuwa moja: akiulizwa swali, hulijibu.

Siku moja Waziri wa Uzinduzi, Itifaki na Nembo za Taifa, Mheshimiwa Balozi Dokta Lukelo Pangalasi, alifika shuleni kuzindua kengele. Udokta alikuwa ametunukiwa na chuo alichokizindua mwenyewe. Alipokwisha kuigonga kengele mbele ya kamera alitaka kutembezwa, akapelekwa maabara, akasimama mbele ya jedwali la elementi lililobandikwa ukutani. Alilitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma.

"Hizi herufi ni za nini, mwalimu?"

"Ni alama za elementi, mheshimiwa. H ni hidrojeni, O ni oksijeni, Fe ni chuma."

"Na nani kazileta?"

Mwalimu Shomvi alifurahi, maana hakuna kiongozi aliyewahi kumuuliza hivyo. "Kuna Mswidi mmoja wa zamani, mheshimiwa, kama karne mbili zilizopita. Aliona wanakemia wanachora vijiduara na vinyota, kila mtu na vyake, hawaelewani. Akasema tuchukue herufi ya kwanza ya jina la Kilatini. Elementi mbili zikigongana herufi, moja iongezewe herufi ya pili. Polepole dunia nzima ikazikubali."

"Vizuri sana. Na mgeni rasmi alikuwa nani?"

"Wapi, mheshimiwa?"

"Siku ya kuzizindua."

Mkuu wa shule alimkanyaga Mwalimu Shomvi mguu. Mwalimu akausogeza mguu wake kando, akidhani nafasi ni ndogo. "Hazikuzinduliwa, mheshimiwa. Alikaa tu mezani, akaziandika."

"Alikaa tu mezani," Waziri alirudia, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba ndoa yake haikufungishwa. "Yaani tangu tupate uhuru, wananchi wetu wanagongea misumari ya chuma ambacho hakijazinduliwa."

*

Tangazo lilitoka kwenye redio wiki hiyohiyo. Alama zote za elementi zimesimamishwa hadi zitakapozinduliwa, moja baada ya nyingine, kwa heshima zote zinazostahili. Kitu chochote chenye alama isiyozinduliwa kifunikwe kwa kitambaa, na kisitumike. Herufi zenyewe hazitaguswa, Waziri alifafanua, kwa kuwa serikali haina ugomvi na Waswidi.

Ikaundwa kamati, na Mwalimu Shomvi akaitwa makao makuu kuwa mtaalamu wake. Alipewa kiti karibu na mlango na chupa ya maji iliyofungwa kitambaa, kwani kibandiko chake kilikuwa kimetaja madini. Wajumbe wengine walikuwa wakuu wa itifaki, wapambaji, na bwana mmoja kutoka bendi ya polisi.

"Tungeanza na hidrojeni," Mwalimu alisema alipopewa nafasi. "Ndiyo namba moja kwenye jedwali."

"Namba moja kwa sifa gani?" aliuliza Katibu wa Itifaki.

"Ndiyo nyepesi kuliko zote."

Wajumbe walitazamana. "Mwalimu," Katibu alisema kwa upole, kama anavyosemeshwa mgeni aliyeingia msikitini na viatu, "kwenye msafara wa Mtukufu Rais, kwani anayetangulia ni yule mwepesi?"

Ikatangulia dhahabu, maana Mama wa Taifa huivaa. Ikafuata chuma, kwa heshima ya jeshi. Waziri wa Madini akasimama kuitetea almasi, na hapo Mwalimu Shomvi akajibu tena bila kuulizwa vizuri, akasema almasi si elementi, ni kaboni tu, ndugu yake mkaa. Waziri wa Madini alitoka nje ya kikao akiwa na machozi. Ugomvi ule uliisha pale almasi ilipotambuliwa kuwa elementi ya heshima, na mkaa ukaambiwa usubiri zamu yake.

Chuma kilizinduliwa uwanja wa taifa. Msumari mmoja wa inchi nne uliletwa juu ya mto wa mahameli, ukapigiwa mizinga, ukakaguliwa na Waziri, na vikundi vitatu vya halaiki vikaunda umbo la msumari katikati ya uwanja. Mwalimu Shomvi alikaa jukwaa la nyuma akilitazama lile umbo la watoto waliokuwa wakitetemeka kwa jua. Alitaka kucheka, kicheko hakikuja.

Nchi ilijitahidi kuzoea. Sodiamu ilizinduliwa mapema kwa kuwa mkwe wa Katibu alikuwa na kiwanda cha sabuni, lakini klorini ilikuwa bado, basi chumvi ikawa halali nusu, na mama lishe wakaagizwa watie nusu ya kawaida. Watu walikula wali usiokolea, wakasema si neno, mambo yatakaa sawa. Shuleni, Mwalimu Shomvi aliruhusiwa kufundisha dhahabu, chuma, sodiamu na almasi. Wanafunzi walipomuuliza maji yametengenezwa na nini, aliwaambia wasubiri taarifa.

*

Ikafika zamu ya kuijadili oksijeni.

"Iko wapi?" aliuliza Waziri Pangalasi.

"Iko humuhumu, mheshimiwa. Tunaivuta sasa hivi."

Wajumbe wote wakabana pumzi. Bwana wa bendi, aliyezoea tarumbeta, alidumu kuliko wengine. Waziri alipoanza kuwa mwekundu wa macho aliagiza kwa ishara ya mkono aitwe Mwanasheria Mkuu, naye akaja mbio na kutoa ufafanuzi: hewa ya mitaani haijaandikwa alama yoyote, kwa hiyo kuivuta ni mazoea, si matumizi, na wananchi wanaweza kuendelea kupumua huku wakisubiri maelekezo. Ile ya kwenye mitungi iliyoandikwa alama ndiyo itakayofunikwa.

"Mimi ugomvi wangu na oksijeni ni mwingine," Waziri alisema akijipepea. "Haipigiki picha. Nitavuta kitambaa, watu watapiga makofi, halafu waone nini? Mtungi? Mtungi hata wa gesi ya kupikia wanao."

"Mheshimiwa, kuna wagonjwa," Mwalimu Shomvi alisema.

"Ndiyo maana tuna Wizara ya Afya, mwalimu."

Kikao kikacheka, kikaisogeza oksijeni mwisho kabisa, nyuma ya metali ambazo hakuna mjumbe aliyeweza kuzitamka. Mwalimu alikuwa amesimama. Alingoja kicheko kiishe apate kusema tena, lakini kilipoisha wakawa wameshahamia kwenye rangi ya mapazia, naye akaketi.

Nyumbani alimsimulia mkewe, Bi Sikitu, aliyekuwa akichambua mchele uani. Sikitu alikuwa na pumu tangu usichana wake, na hakuwahi kuipa heshima yoyote; akikohoa alisema mgeni wake amepiga hodi. Alimsikiliza mumewe mpaka mwisho.

"Sasa Baba Semeni," alisema, "hiyo kamati yenu ikimaliza elementi, haiwezi kuja kunizindua na mimi? Miaka yote hii naishi hivihivi, sijakatiwa utepe."

"Mama Semeni, mimi sicheki."

"Najua hucheki. Ndiyo maana nacheka mimi, angalau nyumba iwe na mmoja."

*

Upepo wa kiangazi ulileta vumbi, na yule mgeni wa Sikitu safari hii hakupiga hodi. Dawa yake ya kuvuta haikufua dafu. Mwalimu alimfikisha hospitali ya wilaya midomo yake imeanza kubadilika rangi. Dokta Kapufi, mganga mkuu, alimpima haraka, akasema bila kumtazama mtu usoni kwamba mama huyu anahitaji oksijeni.

Mtungi ulikuwepo. Ulisimama baina ya vitanda viwili, umevishwa mahameli yenye rangi za bendera, na koki yake imefungwa utepe na kupigwa lakiri. Kitanda cha pili alilala Mwanaheri, binti aliyejifungua juzi na kifua kikambana, na mama yake alikaa pembeni amepakata kichanga. Kando ya mtungi, kwenye kiti, alikaa Afisa Itifaki aliyeitwa Bwana Chogo, spana ya kufungulia koki mapajani.

Mwalimu Shomvi alikwenda moja kwa moja akaushika utepe.

Bwana Chogo hakumsukuma wala hakumpigia kelele. "Mwalimu, mimi mwenyewe mama yangu ana pumu," alisema taratibu. "Ukitaka kuuvuta, sitakupiga. Lakini ukiufungua mtungi mmoja bila mgeni rasmi, oksijeni itahesabika imejizindua yenyewe. Ndivyo ilivyokuwa kwa iodini kule kusini, muuguzi alifungua kichupa kimoja akaoshea kidonda. Yeye yuko ndani mpaka leo, na iodini ikafutwa kwenye ratiba moja kwa moja. Huko sasa wanaosha vidonda kwa maji ya moto."

Mwalimu aliutazama mkono wake ulioshika utepe. Akamtazama Mwanaheri, akafikiria wodi zote za nchi ile na mitungi yake iliyovishwa mahameli. Akauachia. Alimwambia Sikitu anakwenda na kurudi, akatoka nje, akapanda gari la kwanza lililokwenda makao makuu.

Waziri alimpokea vizuri mno, hata akamwagizia chai. "Mke wako! Mwalimu, mbona hukusema mapema?"

"Nilisema, mheshimiwa. Kwenye kikao."

"Ulisema wagonjwa. Hukusema mgonjwa." Waziri alinyanyuka, akatembea hadi dirishani, na aliporudi uso wake ulikuwa umechangamka. "Unajua umenitatulia tatizo? Oksijeni haipigiki picha, lakini mtu anayepata nafuu anapigika. Nitazindua kitandani kwake. Kesho asubuhi, saa tatu kamili. Ratiba nyingine zote zisogezwe."

Mwalimu alimshika mkono kwa mikono yake miwili, akauinamia. Alifurahi, furaha ya kweli, ile ya kutaka kukimbia. Njia nzima ya kurudi alikuwa akijiambia kesho, kesho, na akajichukia kidogo kwa kumpenda Waziri kiasi kile.

*

Asubuhi wodi ilipakwa rangi kwa ajili ya mgeni rasmi. Madirisha yakafungwa vumbi lisichafue zulia jekundu lililotandikwa toka getini hadi kitandani kwa Sikitu. Harufu ya rangi ilijaa mpaka macho ya wazima yakatoa machozi. Yaliletwa makochi na maua ya plastiki, na kikundi cha ngoma kikapewa nafasi karibu na dirisha la dawa. Dokta Kapufi alipita vitandani akiwaomba wagonjwa wakohoe kwa staha.

Saa tatu ikafika, ikapita. Saa tano wakaambiwa mheshimiwa yuko njiani. Saa saba wakaambiwa amesimama kidogo kuzindua kalavati, kwani wananchi wa pale wangejisikia vibaya akiwapita hivihivi.

Sikitu alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mabega yakipanda na kushuka kwa kila pumzi. Alisema kidogokidogo.

"Baba Semeni. Umevaa... soksi moja nyeusi... moja ya buluu."

"Nilitoka na haraka."

"Utapigwa picha... hivyo hivyo?"

"Usiseme sana. Yuko njiani."

"Mwambie... asikimbize gari." Akapumzika. "Barabara... yenyewe... haijazinduliwa."

Mwalimu alicheka, na katikati ya kicheko akashikwa na kilio, akageuza uso ili mkewe asimwone. Sista Eufrasia, muuguzi wa zamu, alikuwa akimpepea Mwanaheri kwa faili tupu, akigeuka anampepea Sikitu. Mwalimu alisimama mara kadhaa akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Mtungi ulikuwa karibu naye kiasi kwamba goti lake liligusa mahameli kila alipokaa. Alijua uzito wa ile hewa, alijua inavyotengenezwa, alijua namba yake na alama yake na aliyeiandika. Hapakuwa na mtu wodini aliyehitaji kujua hayo.

Saa tisa ving'ora vililia. Ngoma zikaanza. Mheshimiwa Pangalasi aliingia na miwani ya jua na kundi la watu, akaketi kwenye kochi, akanywa maji, akasimama kuhutubia.

"Kabla ya serikali hii," alianza, "wananchi walikuwa wakipumua kiholela!"

Makofi.

"Kila mtu alivuta alichotaka, wakati anaotaka, bila utaratibu. Leo hayo yamekwisha. Lakini kabla sijaendelea, naomba nitambue uwepo wa viongozi wenzangu."

Akautambua uwepo wa Mkuu wa Mkoa, wa Mkuu wa Wilaya, wa mwakilishi wa Waziri wa Madini, wa mke wa Katibu wa Itifaki. Kila aliyetajwa alisimama na kupunga mkono. Sikitu alikuwa ameushika mkono wa mumewe kwa nguvu tangu ngoma zilipoanza. Waziri alipofika kwa viongozi wa dini, vidole vya Sikitu vikalegea. Mwalimu alimwita kwa sauti ya chini, "Mama Semeni." Alimwita tena. Sista Eufrasia akaja akapiga magoti, akamshika kifundo cha mkono, akaweka sikio kifuani pake na kukaa hivyo. Kisha akainua uso, akamtazama Mwalimu, na machozi yakamtoka bila sauti kwa sababu hotuba ilikuwa ikiendelea.

Dokta Kapufi aliinama akamnong'oneza mshereheshaji. Mshereheshaji akaitazama ratiba, akaitazama saa, akamwonyesha mheshimiwa kwa mkono kwamba wakati wa kitambaa umewadia.

Waziri Pangalasi akaivuta mahameli, akaukata utepe wa koki na lakiri yake. Alama ya oksijeni ikaonekana, nyeupe juu ya chuma cheusi. Makofi, vigelegele, ngoma. Yeye mwenyewe akaichukua barakoa akamvisha Sikitu, akauweka mkono wake begani kwa marehemu, akawageukia wapiga picha.

"Tazameni alivyotulia," alisema.

Mwalimu Shomvi alisikia kila kitu kana kwamba kinasemwa nyumba ya pili. Kilichomzindua ni sauti ya Mwanaheri. Binti alikuwa akikoroma, macho yamegeuka juu. Mama yake alikuwa amesimama na kichanga mkononi, akimtazama Bwana Chogo, na Bwana Chogo alikuwa ameinuka, spana ameishika, lakini hakuigusa koki.

"Fungua!" Sista alisema.

"Bado kipengele kimoja," Bwana Chogo alijibu. "Neno la shukrani, kutoka kwa familia ya mnufaika. Bila hilo uzinduzi haujakamilika, Sista. Nitafanyaje?"

Kipaza sauti kililetwa, kikawekwa mbele ya mdomo wa Mwalimu. Alikuwa na maneno mengi kifuani, na angeyasema, hata kama wangemfunga palepale. Mama yake Mwanaheri akamgeukia.

"Baba," alisema. "Tafadhali."

Mwalimu alikohoa. "Asante, mheshimiwa," alisema. "Fungueni."

"Mwalimu," mshereheshaji alinong'ona akitabasamu kwa ajili ya kamera, "kidogo tu uitaje na serikali."

"Naishukuru serikali," Mwalimu alisema. "Namshukuru Mtukufu Rais. Namshukuru Mama wa Taifa. Namshukuru Mheshimiwa Waziri kwa kuacha shughuli zake zote na kuja. Nawashukuru viongozi wote wa chama na serikali, mkoa na wilaya. Kwa niaba ya mke wangu, nashukuru sana. Naomba mfungue."

Makofi yakalipuka. Bwana Chogo akaizungusha spana, na hewa ikaanza kutoka. Mwalimu akaivua barakoa usoni pa mkewe, taratibu, asije akamvuta nywele. Alisikia nyuma yake mpiga picha akiomba irudishwe kidogo, picha ya kwanza imeingia kivuli. Hakugeuka. Aliupitisha mpira juu ya mtungi, Sista akapokea, wakamvisha Mwanaheri wote wawili, na wakamwinamia mpaka kifua chake kikapanda.

"Pole, baba," alisema mama yake Mwanaheri. "Pole sana."

Mwalimu Shomvi akakaa chini, palepale kwenye zulia jekundu, akalia kwa sauti, na mshereheshaji akawaomba wageni waalikwa waelekee upande wa chakula.